Kuku wangu wa mguu mmoja: nilivyopanga foleni ya sahihi Annecy

Nitoe hasira kwanza ndo nieleze. Lile duka la vitabu, jina naliacha, sirudi tena. Nyota moja, na hiyo moja ni ya feni maana kulikuwa na joto.

Haya. Mi naishi Geneva, Uswisi, toka huku mpaka Annecy upande wa Ufaransa ni kupanda basi tu, ukisinzia kidogo umeshafika. Hilo tamasha lao la filamu za katuni nalisikia miaka yote, lilianza 1960 mama yangu hata hajazaliwa, na kila mwezi wa sita nasema mwaka huu naenda halafu zamu za kazini zinanibana. Sasa mwaka juzi, au ule wa kabla yake, nikasikia wale wawili wangu wanakuja. Siwataji majina, ugomvi wangu hauwahusu. Ni mke na mume, wanachora kwa mkono mpaka leo, penseli na karatasi, filamu yao niliiona niko bado Tanga kwenye dividii ya kuazima (sikuirudisha, aliyeniazima anisamehe) na kuanzia hapo nikawa nachora vijitu pembeni mwa daftari la hesabu, ukiachia kurasa kwa kidole gumba vinakimbia. Nilichapwa kwa ajili ya lile daftari.

Basi nikamvuta wifi yangu twende wote, ye katuni hajui wala hazimhusu, alifuata ziwa.

Tamasha lenyewe siwezi kulisema vibaya, ningekuwa mwongo. Tuliingia ukumbi wa Bonlieu, kabla filamu haijaanza watu wazima na ndevu zao wanakunja ndege za karatasi wanazirusha kuelekea jukwaani, ikifika ukumbi mzima unashangilia utadhani Simba kamfunga Yanga. Halafu sungura akitokea kwenye skrini, hata kama kapita nyuma huko kwenye majani, watu wote wanapiga kelele "lapin!", ndo sungura kwa Kifaransa. Wifi sungura wa pili tu keshawazidi wenyeji kwa sauti. Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Ningerudi nyumbani usiku ule ningekuwa na stori nzuri tu.

Kesho yake sasa, wale wawili wanasaini kwenye duka moja hapo mjini. Nimekuja na dividii yangu, ile ile, kava limepauka limekuwa la bluu bluu. Kijana wa pale mlangoni kaiangalia kama nimemletea samaki aliyechina. Hicho hakisainiwi, mpaka ununue kitabu hapa. Kitabu yuro 32. Nikanunua, ningefanyaje. Nikatoka kupanga foleni, na ile foleni jamani, wifi akasema hii ndo yale maduka ya kaya, ya bidhaa za mgao, mama alikuwa anatusimulia, tofauti ni kwamba wao mwisho walikuwa wanapata sukari. Masaa mawili na nusu kwenye jua, na mbele yangu kuna jamaa ana begi la magurudumu limejaa mabango, nimehesabu kumi na ngapi sijui, huyo unaona kabisa anaenda kuyauza. Na alipofika mezani yote yakasainiwa! Yule kijana kimya, anachezea simu. Mimi na dividii yangu moja ndo nilikuwa tatizo la dunia.

Ila wale wawili sasa. Wanakaa bega kwa bega, kila kitabu wanachora kuku, na kuku mmoja wanamchora watu wawili. Mume anaanza na jicho, sio umbo la nje kama sisi, jicho kwanza, halafu mdomo, shingo, mbawa, anakisukuma kitabu kwa mkewe bila hata kumwangalia, mke anaweka miguu halafu sahihi za wote wawili anaziandika ye chini. Zamu yangu ikafika. Nilikuwa nimekariri Kifaransa cha kusema, kikapotea chote, nimebaki Tanga, daftari, Tanga, daftari, kama mtoto kapotea sokoni. Yule mama akainua uso akauliza daftari gani? Nikamwonyesha kwa kidole gumba vile kurasa zinavyoachiwa. Akacheka, akasema na ye alianza hivyo hivyo, akashika kalamu akachora mguu wa kwanza huku bado ananiangalia...

Mkono ukatokea juu ya bega langu. PAP. Kijana kafunga kitabu. Wino mbichi! Anayefuata!

Sina sahihi. Sahihi ndo ilikuwa ije baada ya miguu. Nina kuku wa mguu mmoja wa yuro 32.

Hebu fikirieni, filamu ya watu hawa ni dakika nane, sekunde moja ni fremu 24, yaani picha 24 zinapita kwenye skrini, kila mchoro unapigwa picha mara mbili, kwa hiyo ni michoro 12 kila sekunde. Dakika nane ni michoro 5,760. Watu wamekaa wakachora mara 5,760 kwa mkono, halafu kamguu kamoja ka kuku ndo kamekosa muda. Kwa sababu ya nani? Ya kijana mwenye kitambulisho shingoni.

Kwenye basi nilinuna mpaka mpakani. Wifi ndo akakifungua kitabu, akasema we, mbona kuku wako mzima? Ile kukifunga na wino mbichi, mguu umejigonga ukurasa wa pili, hafifu, umegeuka, umesimama peke yake kule. Kwa hiyo miguu miwili ipo, mmoja tu amehamia kwa jirani. Nikacheka nikiwa bado nimenuna. Nyota mbili basi. Hapana, moja, kumbe yule wa mabango na ye nimemsahau. Wale wawili wenyewe nyota zote zilizopo wachukue.

Juzi kaka yangu kaja na kalamu anataka kunimalizia mguu nikamnyang'anya. Kitabu nimekifunga kwenye nailoni. Wakija tena mwezi wa sita naenda nacho, na kijana akiwepo namwambia nilishalipa, nadaiwa mguu.