Skyrim au The Witcher 3: kati ya michezo hii miwili ya video, ni dunia ipi inayomjibu mchezaji?
Katika mapigano, The Witcher 3 (2015) inatangulia, kwa kuwa kukwepa kwa wakati na kupaka upanga mafuta yanayolingana na zimwi unalokabili huleta tofauti ya wazi, ilhali mapigo ya Skyrim (2011) hufanana na kupiga gunia. Misheni za The Witcher 3 zimeandikwa moja moja: ukiiachia huru roho iliyofungwa chini ya mti, kijiji cha Downwarren huangamia. Skyrim hutunga kazi ndogondogo bila kikomo, nyingi zikichosha, nakiri. Lakini ukimuua kuku Riverwood, wanakijiji hukuvamia papo hapo. Anayetaka hadithi yenye uzito achague Witcher. Mpenda kuzurura na kuongeza modi (marekebisho ya mchezo yanayotengenezwa na wachezaji) atadumu zaidi na Skyrim.