Mashine ya msasa wa mkanda, inchi 2 kwa 72: chuma kizuri, puli zinataka kunyooshwa

Mashine hii naitumia kutengeneza visu vya buchani na mapanga kutokana na springi za gari, kazi ambayo kabla ya hapo niliifanya kwa grenda ya mkono na tupa. Mkanda wake ni wa inchi 2 kwa 72, yaani upana wa milimita 50 hivi na mzunguko wa mita 1.83. Mota ni ya kilowati 1.5. Nimeinunua kwenye karakana moja ya hapa Dar.

Kwa uimara sina ugomvi nayo. Fremu ni ya skwea paipu nene, imechomelewa vizuri, haitikisiki hata ukiegemea kwa nguvu zote. Beringi ni za namba 6203 zenye mpira pande zote mbili, kwa hiyo vumbi la chuma haliingii kirahisi, na ikifa unapata nyingine kwenye duka lolote la spea.

Kilichonikera ni puli. Tangu siku ya kwanza mkanda ulikuwa unakimbilia kushoto, upande wa fremu, unakwaruza chuma mpaka ukingo wake unatoka nyuzi. Ili ubaki juu ya puli ilibidi skrubu ya kuongozea, ile inayoinamisha puli ya juu, ikazwe karibu mwisho wake, na hapo hapo ukigandamiza kisu unahama tena. Mkanda wa seramiki, yaani wenye chembe za seramiki za kukatia chuma, ni ghali, inauma kuuona unaliwa pembeni wakati katikati bado ni mpya. Halafu kisu chenyewe hakitoki sawa: bega, yaani pale msasa unapoanzia kukonda kuelekea makali, la kushoto linakaa mbele, la kulia nyuma, na mteja anayejua visu anaona hilo kabla hajagusa makali.

Muuzaji alinijibu kwa simu kwamba niendelee tu kukaza skrubu. Sikubaliani naye kabisa. Puli ya juu, ile yenye tumbo katikati, kazi yake ni marekebisho madogo. Mkanda ukiwa unazunguka hupenda kupanda kwenye sehemu nene ya puli, ndiyo maana hutulia katikati ya lile tumbo. Lakini puli ya mota na zile mbili za bamba la mbele, lile bapa nyuma ya mkanda unapogandamizia kisu, zikiwa hazipo kwenye mstari mmoja, ya juu inalazimika kuinama sana ili kufidia. Mkanda unavutika upande mmoja kuliko mwingine, na skrubu inakuwa haina tena pa kwenda. Dawa iko chini, kwenye mota.

Nilichomoa plagi, nikatoa mkanda, nikachukua kipande cha skwea paipu kilichonyooka. Kuna njia rahisi ya kukijua: weka paipu mbili uso kwa uso, zielekeze kwenye mwanga, kisha geuza moja upande wake wa pili. Usipoona mwanga ukipita katikati kwa namna zote mbili, zimenyooka. Paipu hiyo nikailaza kwenye ubavu wa puli ya mota, ncha yake ifike kwenye puli ya chini ya bamba. Palikuwa na uwazi wa milimita 3. Kumbuka kwamba kama puli zako hazina upana mmoja, ubavu utakudanganya. Pima kutoka mstari wa katikati wa kila puli.

Uwazi ule pia haukuwa sawa juu na chini, na hiyo ndiyo dalili niliyokuwa naitafuta, maana shafti ya mota yenyewe ilikuwa imeinama. Mota imefungwa kwenye bati jembamba ambalo lilijikunja lilipochomelewa. Nikalegeza bolti nne za mota, nikakata vipande vya kopo la soda, ambalo unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, nikavipachika chini ya mguu mmoja kimoja kimoja, nikipima kila mara, mpaka paipu ikagusa puli juu na chini kwa pamoja. Ndipo nikalegeza skrubu inayobana puli kwenye shafti na kuisogeza ile milimita 3. Mpangilio huu ni muhimu: ukisogeza puli kabla ya kunyoosha shafti, utarudia kazi.

Mkanda uzungushe kwa mkono kwanza. Puli ya milimita 125 kwenye mota ya mizunguko 2,800 kwa dakika inaukimbiza mkanda kwa mita 18 hivi kwa sekunde, na ukichomoka kwa kasi hiyo unakata ngozi. Wangu ulizunguka ukatulia katikati skrubu ikiwa nusu ya mwendo wake. Nikawasha na kuzima papo hapo, nikawasha tena, nikaweka chuma. Haukuhama. Sasa nauachia mkanda utokeze milimita 2 nje ya bamba kwa ajili ya kuchora bega, unabaki pale pale hadi namaliza kisu, na mabega yanatazamana.

Kama bado unasikia mlio wa kugonga baada ya haya yote, angalia kiungo cha mkanda na mshale ulioandikwa nyuma yake; mkanda uliovalishwa kinyume hugonga, na mikanda mingine hufumuka.

Naipa nyota nne kati ya tano. Nyota moja naikata kwa sababu bati la mota lilitakiwa kuwa nene na lenye matundu marefu ya kusogezea, na skrubu ya kuongozea haina nati ya kuifunga, kwa hiyo mtetemo unailegeza taratibu. Nati nimeiongeza mwenyewe. Ukienda kununua mashine ya aina hii, beba kipande chako cha paipu iliyonyooka, omba mkanda utolewe, na upime puli mbele ya muuzaji kabla hujalipa.