Roketi ya cheti cha kwanza: seti ya kununua na seti ya kuiacha dukani

Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Ningekuwa na duka la roketi, ningeibandika methali hii juu ya mlango.

Kupaa si kazi. Washa mota (injini ya mafuta magumu) ya daraja H chini ya bomba lolote la kadibodi lenye mapezi yaliyonyooka, litaondoka na utapiga makofi. Lakini cheti hakitolewi kwa makofi. Hapa Marekani, uwe mwanachama wa NAR au wa Tripoli, vyama vya warusha roketi za kujiburudisha, cheti cha Daraja la Kwanza, kinachokuruhusu kutumia mota kubwa za H na I, kinataka roketi uliyoijenga mwenyewe, irushwe kwa mota ya H au I mbele ya shahidi, parachuti ifunguke, na iokotwe ikiwa nzima kiasi cha kuweza kurushwa tena. Ikivunjika pezi wakati wa kutua, unarudi nyumbani mikono mitupu. Ndiyo maana seti hizi za kujijengea nimezipanga kwa jinsi zinavyoshuka. Urefu zinaofika na picha iliyo kwenye boksi nimeviweka kando.

Nawaandikia hasa ndugu tulio nao huku. Walioko Uingereza watakuta UKRA, chama cha huko, ina utaratibu unaofanana. Na yeyote anayewaza kumbebea mpwa wake mota hadi Mombasa au Dar asahau: ni marufuku kwenye ndege ya abiria, iwe mkononi au kwenye mzigo wa chini.

Mimi ni mtu wa Malindi. Majukwaa ya Waitaliano ya San Marco yapo baharini upande wa Ngomeni, na roketi za Scout ziliruka pale kuanzia 1967 hadi 1988. Setilaiti iliyopaa tarehe 12 Desemba 1970 iliitwa Uhuru kwa sababu siku hiyo Kenya ilikuwa ikisherehekea uhuru wake. Wazee wetu walisimulia moshi na ngurumo, basi. Kitu chenyewe kilienda wapi, hakuna aliyekiona tena. Labda ndiyo sababu mimi napenda roketi inayorudi.

Namba moja: Zephyr ya Apogee

Kama utajenga peke yako mezani jikoni, bila fundi wa kumuuliza, nunua hii. Bomba lake ni la kadibodi nene lenye kipenyo cha inchi 4, mapezi ni ya plaiwudi, pua ni ya plastiki. Hakuna cha ajabu hapo. Unacholipia ni maelekezo: Apogee wameweka video za kuonyesha ujenzi hatua kwa hatua, na anayejenga kwa mara ya kwanza hukwama kwenye mambo madogo ambayo karatasi ya maelekezo huyaruka.

Chukua mapezi. Katika seti za aina hii pezi halibandikwi juu ya bomba tu. Linapita kwenye mpasuko na kugusa bomba dogo la mota lililo ndani, kwa hiyo lina sehemu mbili au tatu za kushikia. Ukishaligandisha, unamimina epoksi (gundi ya kuchanganya) pembeni, penye kona kati ya pezi na bomba, halafu unachovya kidole chenye glavu kwenye spiriti na kukivuta taratibu kutoka juu hadi chini. Epoksi inalala laini kama ukingo wa sahani. Tumia epoksi ya dakika 30. Ile ya dakika 5 inakukimbia kabla hujamaliza pezi la pili, tena ni dhaifu zaidi. Haya yote nimeyaandika kwa aya nzima, lakini ukiyaona kwa macho ni nusu dakika.

Kasoro yake ni bei: kwa vitu vilivyomo ndani ya boksi, unalipa zaidi kidogo kuliko mshindani wake anayefuata.

Namba mbili: LOC IV

Hii ni kongwe. Nenda uwanja wowote wa klabu, uliza watu kumi walipata cheti kwa roketi gani, hutakosa atakayekutajia LOC. Ni inchi 4 pia, kadibodi na plaiwudi, imenyooka kama mlingoti. Kama kwenye klabu yako kuna mzee wa kazi anayekubali kukaa nawe Jumamosi moja, ipandishe iwe namba moja na utunze hela zako.

Kabla ya kulipa, soma orodha ya vilivyomo, maana seti hizi huuzwa kwa matoleo tofauti. Angalia vitu viwili. Kwanza, kifungio cha mota, yaani ile pete inayozuia mota isichomoke kwa nyuma wakati mlipuko wake mdogo unaisukuma parachuti nje. Mota ikidondoka, jaribio limefeli hata kama roketi imetua kama unyoya. Kama hakimo, nunua cha Aero Pack, ni cha alumini na cha kukaza kwa mkono. Pili, kamba inayounganisha pua na bomba. Ukikuta elastiki fupi kama ya suruali ya michezo, itupe. Weka kamba ya Kevlar au nailoni yenye urefu wa mara tatu hadi tano ya roketi yenyewe.

Namba tatu, kwa asiyewahi kurusha chochote: Star Orbiter ya Estes

Hii si ya cheti. Ni ya kujifunza. Inatumia mota za milimita 29, na Estes wanauza E16 na F15 zinazoingia humo bila kuhitaji cheti chochote. Ni rahisi, ni nyembamba, na makosa yako ya kwanza ya kukunja parachuti ni afadhali uyafanyie hapa. Ukiwa umesharusha ndogo ndogo na mtoto wako mara kadhaa, huihitaji.

Ya kuiacha dukani kwa sasa: faibaglasi nyembamba

Hapa nitagombana na vijana. Seti za faibaglasi kama Darkstar ya Wildman ni nzuri mno. Pezi halivunjiki, bomba halilowi, na umande wa asubuhi hauzifanyi kitu. Nami ninayo moja. Lakini ni nzito kuliko kadibodi, ni ghali, na vumbi lake unapopiga msasa linawasha ngozi na halifai kuvutwa, kwa hiyo vaa barakoa na fanyia kazi nje. Kisha kuna tatizo la urefu. Roketi pana ya inchi 4 kwa mota ya H hufika futi elfu moja na ushei, unaiona mwanzo hadi mwisho. Nyembamba ya faibaglasi kwa mota ya I inapotea machoni, na parachuti ikifungukia huko juu upepo unaibeba hadi shamba la mtu. Nunua ya aina hii unapojiandaa kwa Daraja la Pili, ukiwa na altimita (kipima urefu) ya kufungua parachuti ikishafika chini na kifaa cha kukuonyesha ilikoangukia.

Mota, ambako pesa na makosa hukaa

Herufi ya mota ni ukubwa wa jumla ya msukumo, na kila herufi ni maradufu ya iliyotangulia: H inaanzia newtoni-sekunde 160 hadi 320, I inaishia 640. Kwa cheti, H inatosha kabisa. Mfano ni H135W-14A ya AeroTech, ya kutumia mara moja na kutupa. Namba 135 ni wastani wa nguvu kwa newtoni. Roketi ya kilo moja na nusu ina uzito wa kama newtoni 15, kwa hiyo unapata msukumo mara tisa ya uzito wake. Watu wengi hutaka angalau mara tano, ili roketi itoke kwenye reli ya kurushia ikiwa na kasi ya kutosha kunyooka. W ni aina ya mafuta, moto mweupe na moshi mwingi, ni raha kuutazama.

Ile 14 ndiyo iliyoniaibisha. Ni sekunde za kusubiri kati ya mafuta kuisha na parachuti kusukumwa nje, na A maana yake unaweza kuzipunguza kwa kifaa maalumu cha kutobolea. Roketi yangu ilihitaji saba hivi. Mimi nilikuwa naongea, nikajaza fomu, nikaipachika kama ilivyotoka kwenye mfuko. Ilipanda vizuri, ikageuka, ikaanza kuja chini kichwa mbele. Kimya. Watu wote wakatazama juu, mmoja akasema polepole, «Open, open.» Parachuti ilifunguka ikiwa tayari ina kasi ya kutisha, kamba ikarudi nyuma na kuichana kadibodi kiasi cha shubiri moja, kama unavyofungua zipu.

Kwa hiyo kabla ya kununua mota, pakua OpenRocket, programu ya kompyuta ya kukadiria mruko, haina malipo. Ingiza vipimo na uzito wa roketi yako ukishaipima, si ule ulioandikwa kwenye boksi, kwa sababu epoksi na rangi vina uzito wao. Itakupa sekunde zinazohitajika, na itakuonyesha kama kitovu cha uzito kiko mbele ya kitovu cha msukumo wa hewa kwa angalau kipenyo kimoja cha bomba. Mota yenyewe usiiagize kwa posta, kwa sababu ada ya mizigo ya hatari inaweza kukaribia bei ya mota. Panga mapema na klabu ununue kwa muuzaji anayekuja uwanjani siku ya kurusha. Kibali cha anga klabu inakishughulikia pia.

Ikibaki hela, ongeza Chute Release ya Jolly Logic, kidude kinachofunga parachuti kwa mpira hadi roketi ishuke kwenye urefu ulioupanga. Uwanja wako ukiwa mdogo au wenye upepo, kinakuokoa mwendo mrefu wa kwa miguu juani.

Roketi yangu iliyochanika sikuitupa. Nilikata sehemu mbovu kwa kisu cha karatasi, nikaunganisha kipande kipya cha bomba cha dola chache, nikapiga msasa na rangi. Mwezi uliofuata nilitoboa zile sekunde hadi saba, nikamwomba jirani ahakikishe, na fomu ikatiwa saini juu ya boneti ya gari la mtu. Ukipitisha kidole unauhisi ule ukingo wa kiungo mpaka leo.