Mgahawa wa Kirumba unaojua kupikia kinywa kilichopitia mionzi

Mgahawa ninaouandikia hauna kibao cha jina. Upo Kirumba, pembeni mwa njia inayoteremka kuelekea soko la samaki la Mwaloni, na mpita njia asiyeujua ataudhani kuwa kibanda kingine tu cha mama lishe chenye mabenchi, masufuria makubwa na jiko la mkaa. Nauandikia kwa sababu, hapa Mwanza, sijapata mahali pengine ambapo mtu aliyetoka kwenye matibabu ya saratani ya kinywa, ambaye mate yamemkauka, ulimi hausikii ladha na taya halifunguki sawasawa, anaweza kuketi kama mteja yeyote, akaagiza, akala bila kuharakishwa na akaondoka akiwa ameshiba. Jiji hili lina migahawa mingi yenye samaki watamu kuliko hawa, lakini hiyo imepimwa na watu wenye vinywa vizima.

Mimi nilitibiwa saratani ya ulimi, kwanza kwa upasuaji na kisha kwa mionzi. Mionzi ya kichwa na shingo hutolewa kidogo kidogo, kwa kawaida siku tano za wiki kwa muda wa wiki sita hadi saba, na vidonda vya mdomoni huanza kujitokeza katika wiki ya pili au ya tatu, kwa sababu ngozi laini ya ndani ya kinywa hujijenga upya kila mara na ndiyo inayoumizwa mapema. Ndugu wengi hudhani kwamba siku ya mwisho ya mionzi ndiyo mwisho wa taabu, ilhali maumivu huweza kubaki makali kwa wiki kadhaa baada ya hapo. Vidonda hupona. Mate ndiyo yanayochelewa, kwa kuwa tezi zilizo mbele ya masikio na chini ya taya huumizwa pamoja na uvimbe uliolengwa. Mtu mwenye afya hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu ya mate kwa siku, na anayetoka kwenye mionzi hubaki na ute kidogo, mzito, unaonata kwenye kaakaa. Kwa wengine mate hurudi kiasi baada ya miezi mingi, na kwa wengine hayarudi yote.

Ndiyo maana naanza na mlenda. Kinachomshinda mtu asiye na mate si kutafuna tu, bali ni kulikusanya tonge mdomoni na kulisukuma hadi kooni, maana tonge kavu hutawanyika, huganda kwenye fizi na kukwama nyuma ya ulimi. Mama mwenye mgahawa hukata bamia vipande vidogo sana, akazipika na majani ya mlenda mpaka vyote viwe laini kabisa, na kabla ya kutia nyanya katika sufuria kubwa huchota sehemu ya wateja wa aina yangu na kuiweka pembeni, isiguswe na nyanya, pilipili wala ndimu. Ugali wake husongwa teketeke. Ukichovya tonge dogo katika mlenda huo, mlenda hulizunguka na kulibeba, na tonge huteremka lenyewe bila kukwaruza. Kabla ya hapo nilikuwa nimeshauriwa na watu wengi wenye nia njema ninunue vinywaji vya lishe vya makopo, ambavyo vina kazi yake na bei yake, lakini hakuna aliyenikumbusha kwamba mboga ninayoijua tangu utotoni ina utelezi uleule ambao kinywa changu kiliupoteza. Kwa mlenda huu peke yake ningewashauri watu wavuke mji mzima.

Supu ya samaki inahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu hapo ndipo penye hatari. Mtu aliyefanyiwa upasuaji wa ulimi au wa shavu mara nyingi hubaki na sehemu isiyo na hisia, na hawezi kuutambua mwiba mpaka uwe umemchoma kooni. Sato, pamoja na utamu wake wote, ana miiba myembamba inayojificha ndani ya mnofu. Sangara ana mifupa mikubwa inayoonekana, na minofu yake hutoka ikiwa safi. Mama hutumia sangara kwa wagonjwa na huwaambia wazi kwamba sato hawapi. Mchuzi wenyewe huutoa kwenye mapanki, yaani vichwa na mifupa inayobaki baada ya viwanda vya jijini kutoa minofu ya kuuza nje, ambayo huyachemsha kwa moto mdogo kwa muda mrefu pamoja na viazi mviringo na karoti. Kisha huchuja kwa chujio la waya, akachuja tena kwa kitambaa safi, na ndipo anaponyambua minofu ya sangara kwa vidole, mbele yako, kipande kwa kipande, na kuiponda ndani ya mchuzi. Nimemtazama akifanya hivyo wakati foleni ya wavuvi wenye njaa ilikuwa imefika barabarani, na hakuharakisha hata kidogo.

Mtori wake ni mzuri lakini mzito mno kwa wiki za mwanzo. Mwombe auongeze mchuzi. Uji wa ulezi uliotiwa siagi ya karanga ni chaguo bora kwa anayepungua uzito, kwa kuwa unabeba nguvu nyingi katika kikombe kidogo, na ukimwomba atavunja yai ndani yake wakati ungali jikoni, akalikoroga mpaka liive na kupotea kabisa. Maziwa ya mgando yapo pia. Uchachu wake uliniunguza nilipokuwa bado na vidonda, na sasa ndiyo kifungua kinywa changu, pamoja na parachichi lililopondwa.

Jambo linaloutofautisha mgahawa huu, hata hivyo, halimo ndani ya sufuria. Ukishamwamkia na akakuitikia, mama huuliza, "Mwanangu, leo koo likoje?" kisha husubiri jibu kabla ya kugusa upawa. Swali hilo lina maana kubwa kwa sababu kinywa kinachopona hubadilika kutoka siku hadi siku. Kuna kipindi nyama ya ng'ombe ilikuwa na ladha ya chuma, chai haikuwa na ladha yoyote, na chakula nilichokipenda jana kilinichefua leo. Hali hii hutokea kwa sababu vionjo vya ulimi huumia kama sehemu nyingine, na kwa watu wengi ladha huanza kurejea baada ya miezi kadhaa, aghalabu kwa kupapasapapasa, ladha moja ikitangulia nyingine. Nimewahi kumrudishia bakuli zima, na hakununa wala kunihoji, bali aliniletea viazi vitamu vilivyopondwa kwa maziwa akasema tujaribu hivyo. Nyumbani, jambo kama hilo huweza kuzua ugomvi, kwa kuwa anayempikia mgonjwa huumia moyoni anapoona chakula kimerudi, na mgonjwa naye huona aibu akajilazimisha mpaka akatapika.

Vijiko navyo ni habari ya kuzungumzia. Mionzi na makovu ya upasuaji hukaza misuli ya taya, kiasi kwamba kinywa ambacho zamani kilipokea vidole vitatu vilivyopangwa wima hupokea kimoja au viwili, na kijiko cha kawaida cha mgahawa hakipiti. Mama ameweka vijiko vya chai vilivyo bapa kwa ajili hiyo. Naongeza hapa, kwa wale ambao bado hawajaambiwa, kwamba mazoezi ya kufungua taya mara kadhaa kwa siku, kama alivyoelekeza mtaalamu wako, yasiachwe kwa sababu maumivu yamepungua, kwani kukaza huko huweza kuendelea miezi mingi baada ya tiba, na kilichokwisha kukaza ni kigumu kukilegeza.

Maji ya kusukutua yapo, na kwangu hili lina uzito sawa na chakula. Mimi hubeba chupa yangu yenye kijiko kimoja cha chai cha chumvi na kimoja cha soda ya kuokea katika lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Nasema soda ya kuokea, ile ya unga mweupe ya kuumulia keki. Magadi ya kulainishia maharage ni kitu kingine na yasitiwe kinywani. Nasukutua kabla na baada ya kula, kisha natema. Aliyesahau chupa yake atapewa maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa na kuonyeshwa sinki lililo nyuma ya pazia, ili asilazimike kutema mbele za watu. Sijui mgahawa mwingine uliofikiria pazia hilo.

Kasoro zipo na nitazitaja kwa heshima. Jiko la mkaa limewekwa upande unaotoka upepo wa ziwani, kwa hiyo alasiri moshi huingia ndani na kukausha koo ambalo tayari ni kavu. Nimemwomba mama ahamishe jiko au atenge meza ya upande wa pili, na bado halijafanyika. Wapo pia wateja wanaovuta sigara mlangoni, jambo ambalo mwenye mgahawa anapaswa kulikataza moja kwa moja, si kwa ajili ya starehe yetu tu, bali kwa sababu tumbaku ni miongoni mwa vyanzo vikubwa vya ugonjwa huu na huchelewesha kupona. Chakula huletwa kikiwa cha moto sana. Ngoja kipoe hadi uvuguvugu, hata kama njaa inakusukuma. Juisi zake zote zina sukari nyingi, nami sizipendekezi kabisa, kwa kuwa meno yaliyokosa ulinzi wa mate huoza upesi, na kung'oa jino kwenye taya lililopigwa mionzi ni shughuli ya hatari inayoweza kuacha mfupa usiopona. Kunywa maji, na mwambie daktari yeyote wa meno kwamba ulipata mionzi kabla hajagusa koleo.

Bei ni za kawaida za mama lishe. Nilipokula mara ya mwisho, bakuli la supu ya sangara liliuzwa shilingi 3,000 na uji shilingi 1,000, wala hakuna nyongeza kwa kazi ya kuchuja na kuponda. Wengi ninaowakuta pale ni ndugu wa wagonjwa waliotoka Ukerewe, Sengerema na Geita, waliopanga vyumba mjini wakati wa matibabu katika hospitali ya Bugando, na kwao bei hiyo ndiyo inayoamua kama mgonjwa atakula mara mbili au mara nne kwa siku. Vyakula vidogo vya mara kwa mara ndivyo vinavyofaa.

Pamoja na sifa zote hizi, mama ni mpishi, na yeye mwenyewe huwaambia watu hivyo. Anayekohoa kila anywapo maji, au ambaye sauti yake hugeuka ya majimaji baada ya kula, huenda chakula kinaingia katika njia ya hewa, na anapaswa kupimwa hospitalini kabla ya kuendelea na supu yoyote, kwa sababu kwa mtu wa namna hiyo vitu vyepesi kama maji huwa hatari kuliko uji mzito. Homa, utando mweupe mdomoni unaounguza, damu isiyokoma, au kidonda kipya kisichopona navyo havitibiwi kwa mlenda.

Mgahawa hufunguliwa alfajiri kwa ajili ya watu wa Mwaloni na hufungwa saa kumi jioni, Jumapili haufunguliwi. Saa tano asubuhi ndiyo nafasi nzuri, wavuvi wakiwa wameondoka na wateja wa mchana hawajafika. Anayehitaji chakula cha jioni amwambie mama mapema na kuja na chupa ya chai yenye mdomo mpana, naye atamjazia supu iliyokwisha kuchujwa. Samaki wakikosekana sokoni, supu ya sangara haipo, hivyo ni vyema kutuma mtu aulize kabla ya kumtoa mgonjwa nyumbani.