Lamu na familia: kulipa kwa kichwa au kukodi boti nzima?

Basi linaishia Mokowe, bara. Ndege hutua Manda, kisiwa jirani. Kwa vyovyote, Lamu mjini mtaingia kwa boti, na gatini mtaamua: kwa kichwa au kukodi.

Boti ya abiria hulipiwa kwa kichwa na huondoka ikijaa. Ndiyo nafuu, mradi hamna haraka. Kabla ya kupanda ulizeni: mtoto wa kupakatwa analipa? Na mizigo je? Ugomvi mwingi huanzia hapo. Nauli mmekubaliana, kisha begi kubwa linatajiwa bei mkiwa katikati ya maji. Shikeni noti ndogondogo, maana asubuhi chenji ya elfu moja ni ya kutafutwa.

Ukikodi, bei ni ya chombo, si ya watu. Mkiwa watano inagawanyika vizuri, na mnashushwa Shela, kijiji cha ufukweni kisiwani Lamu, moja kwa moja bila kubadilisha boti mjini. Patana kwa sentensi moja kamili: “Watu watano na mizigo yote, mpaka Shela, jumla shilingi ngapi?” Usiposema “jumla”, utaulizwa tena mkishuka.

Lipeni mkifika. Kwa M-Pesa, soma jina la mpokeaji kabla ya kuthibitisha. Tarakimu moja ikikosewa, pesa zimekwenda kwa mwingine. Mgeni wa nje husajili laini kwa pasipoti.

Jaketi okozi la mtoto ndilo linalotuelemeza kwenye kukodi: unaomba la kimo chake, na boti inangoja. Kwenda Shela mchana bila mizigo, lipeni kwa kichwa tu.