Lichess kwa kuchambua mchezo mmoja wa sataranji: uzoefu wangu

Nimeitumia Lichess, tovuti na programu ya sataranji, hapa Unguja kuchambua mchezo wa mabingwa Steinitz (weupe) na von Bardeleben (weusi), mashindano ya Hastings, Uingereza, 1895. Haina ada wala matangazo, na kwa anayehesabu bando hilo si dogo.

Fungua somo (ukurasa wako wa uchambuzi), bandika PGN (maandishi ya hatua za mchezo), ligawe kwa sura (somo moja hubeba hadi 64). Mimi naweka mbili tu. Ya kwanza inaishia hatua ya 10, ufunguzi wa Kiitaliano. Ya pili ni mchezo mzima, upande wa weupe, hatua zinazofuata zikiwa zimefichwa. Hapo ndipo penye utamu. Ukifika hatua ya 17, usibonyeze mpaka umechagua yako. Steinitz alisukuma askari hadi mraba wa d5 akaliwa bure. Kumbe alikuwa anafungua d4, farasi wa f3 apite hapo mpaka e6 wakati mfalme mweusi bado amekwama katikati. Hatua ya 22 ngome inakula e7. Malkia mweusi akiila, anaacha wazi njia ya malkia mweupe hadi c8, na ngome iliyoko hapo imekwenda.

Injini, yaani programu inayokokotoa hatua bora, izime. Ya Lichess, Stockfish, hukokotoa ndani ya simu yenyewe: simu inapata moto, chaji inashuka, na siku ya umeme kukatika utajuta. Baya zaidi, inakupa jibu kabla hujafikiri. Mwisho kabisa omba uchambuzi wa seva (unaofanywa na kompyuta za mbali, si simu yako), mara moja inatosha.

Kwenye kitafutio cha funguzi, kinachoonyesha hatua walizocheza wengine, watu wengi hukwama. Hifadhi ya magwiji inaanzia 1952, kwa hiyo mchezo huu humo hamna. Usidhani umekosea kuandika. Hamia hifadhi ya wachezaji wa Lichess, uchuje kwa kiwango chako. Angalia hatua ya 7: baada ya farasi c3, si lazima weusi wajibu d5 kama Hastings, wanaweza kula e4 kwa farasi. Tawi hilo liingize kwenye sura ya kwanza: 8. O-O (mfalme na ngome wanabadilishana upande), askofu anakula c3, 9. d5. Usipolijua, askari wako ameliwa na huna cha kuonyesha. Kama hutaki vurugu, hatua ya 7 weka askofu d2, ingawa mabingwa wa bao pale Jaws Corner, baraza ya Mji Mkongwe, watakuita mwoga.

Mishale naichora kwenye kompyuta, kwa kitufe cha kulia cha mausi. Ukimaliza pakua PGN yenye maelezo yako, usome hata bando likiisha.