Mizani ya "mafuta mwilini": uzito inaujua, mafuta inabahatisha

Chama chetu hapa Luanda, Vihiga, kilichanga shilingi 2,800 tukanunua mizani ya kioo katika duka moja mjini Kisumu. Unasimama peku, simu inakutajia uzito, asilimia ya mafuta, mafuta ya tumboni, hata "umri wa mwili". Mwenyekiti wetu ana miaka 58. Aliambiwa mwili wake una 71. Alishuka bila kuaga.

Kwenye uzito sina neno, inalingana na mizani ya zahanati, mradi uiweke kwenye saruji. Sakafu ya udongo inaipoteza.

Shida ni hayo mafuta. Inapitisha umeme hafifu kutoka unyayo mmoja hadi mwingine: maji yanaupitisha, mafuta yanauzuia. Sasa mtu ametoka kupalilia ana kiu, nyayo zimekauka kwa magaga, utapata jibu gani? Jirani yangu alipimwa asubuhi, akapimwa tena jioni, na ukisoma majibu ungedhani ni watu wawili. Isitoshe, umeme huo unapita zaidi miguuni. Ya tumboni inakadiria tu, ikichanganya kipimo hicho na uzito, umri, urefu na jinsia ulizojaza kwenye simu.

Na tumboni ndiko kwenye kesi. Mafuta yanayozunguka ini na utumbo hayakai bure. Yanatoa kemikali zinazouweka mwili katika uvimbe wa chinichini, usiouma, unaoharibu kuta za mishipa ya damu hadi moyo unaumia. Kuna wazee hapa wenye miguu kama fito na kitambi mbele, mizani inawaambia wako sawa!

Futi ya fundi wa nguo, shilingi 50, inawaumbua. Pima katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukishatoa pumzi (wanaume, msibane tumbo, tunawaona). Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, hatari inaanza kupanda mwanamke akipita sentimita 80 na mwanamume 94. 88 na 102 ni hatari kubwa. Aliyepita tunampeleka kwa mhudumu wa afya ya jamii apimwe presha na sukari.

Muuzaji hakutuambia, lakini karatasi ya maelezo inasema kwa herufi za sisimizi: mwenye kifaa cha umeme cha kuongoza mapigo ya moyo asiipande.

Nyota 3 kati ya 5, zote za uzito. Halafu programu yake inadai barua pepe kwa kila mtu, na nusu ya chama hawana.